Sabuni ya Vyombo: Kilicho Chupani na Yanakoishia Maji Yake

Mazungumzo ya elimu kwa umma yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wadi, Kaunti ya Kisumu

 

Kila jioni katika kaunti hii, baada ya ugali na samaki kuliwa, karai hutolewa nje. Sabuni ya maji humiminwa, povu hupanda, sahani husuguliwa, kisha maji hayo humwagwa mtaroni. Wengi huona kazi imekwisha hapo. Kumbe safari ya maji hayo ndiyo kwanza imeanza.

Kilicho chupani

Sabuni ya maji, iwe imetoka kiwandani au imechanganywa na chama cha mtaani, sehemu yake kubwa ni maji tu. Kinachosafisha ni kemikali ambazo watengenezaji wadogo wanazijua vizuri: ungerol na asidi ya salfoniki. Chembe zake zina ncha mbili. Ncha moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Ndiyo sababu mafuta ya samaki yanayokataa kutoka kwa maji matupu huachia sahani mara sabuni inapoingia.

Asidi hiyo ni kali, kwa hivyo mtengenezaji huipunguza ukali kwa soda kostiki. Kisha huongeza chumvi ili sabuni iwe nzito, kemikali ya kuongeza povu, rangi, manukato na dawa ya kuizuia isioze. Baadhi hutumia formalini kwa kazi hiyo ya mwisho. Formalini huwasha macho na koo, na tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kemikali iliyo ndani yake katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hivyo uzito wa sabuni si ushahidi wa nguvu yake. Mara nyingi ni chumvi. Povu nalo si usafi. Povu humfurahisha mnunuzi, lakini sahani husafishwa na sabuni iliyoshika mafuta pamoja na mkono unaosugua. Anayeongeza sabuni kila povu linapopungua anamwaga pesa zake mtaroni.

Maji yanakoenda

Nyumba zilizounganishwa na mabomba ya majitaka hupeleka maji yake kwenye mtambo wa Kisat au mabwawa ya Nyalenda. Huko bakteria huvunjavunja sabuni kabla maji hayajaachiliwa. Lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa. Maji yake hupita mtaroni, huingia mto Kisat au mto Auji, kisha Ghuba ya Winam. Ghuba hii ni ya kina kifupi na mlango wake wa kuingia ziwa kuu ni mwembamba. Kinachoingia humo hakiondoki upesi.

Na ni katika ziwa hilohilo, pale Dunga, ambapo maji hutekwa, husafishwa na kurudishwa mjini kwa mifereji. Maji yaliyomwagwa jana na jirani yanaweza kurudi mezani.

Madhara yake

Kwanza, samaki. Kemikali ileile inayoondoa mafuta kwenye sahani huharibu ute unaolinda matamvua ya samaki. Samaki mchanga na mayai huumia mapema zaidi.

Pili, hewa ya majini. Bakteria wanapovunja sabuni na mabaki ya chakula hutumia oksijeni. Katika mtaro uliotuama oksijeni huisha, maji hunuka, na sabuni yenyewe huchelewa kuoza.

Tatu, fosfeti, ambayo ni mbolea kwa mimea ya majini. Hapa haki itendeke: sabuni ya kuosha vyombo kwa mkono kwa kawaida huwa na fosfeti kidogo au haina kabisa. Imekuwa ikitumika zaidi katika sabuni za unga za kufulia na za mashine za kuosha vyombo. Gugu maji, lililoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, linalishwa pia na mbolea za mashambani, udongo unaomomonyoka na vyoo. Hata hivyo, kila karai linalomwagwa mtaroni na mabaki ya chakula huongeza chakula cha gugu hilo.

Mambo haya hurekebishika. Katika miaka ya 1950, mito ya Ulaya na Marekani ilijaa povu kwa sababu kemikali za sabuni za wakati huo hazikuoza upesi. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, viwanda vilihamia kemikali zinazooza na povu likapungua. Muungano wa Ulaya nao ulibana fosfeti katika sabuni za kufulia mwaka 2013, na katika za mashine za vyombo mwaka 2017.

La kufanya nyumbani

Futa mafuta na mabaki kwenye sahani kabla ya kuosha. Mabaki yaende kwa kuku au kwenye mboji. Tia sabuni kidogo kwenye karai, usiimimine juu ya kila sahani. Sufuria yenye masizi isuguliwe kwa jivu na mchanga, kama walivyofanya akina nyanya. Pasipo na bomba la majitaka, mwaga maji kwenye udongo, chini ya mgomba, mbali na kisima na mtaro. Udongo wenye hewa una bakteria wa kuivunja sabuni.

Usioshe vyombo, nguo wala gari ufuoni. Teka maji, uoshee mbali.

Anayenunua aangalie alama ya KEBS. Anayetengeneza avae glavu na miwani, afanyie kazi penye hewa, na abandike jina la sabuni kwenye chupa. Sabuni katika chupa ya soda isiyo na lebo imewahadaa watoto wengi. Kamwe asidi isichanganywe na dawa ya madoa yenye klorini. Gesi yake inaweza kuua.

Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 69 inampa kila mtu jukumu la kuyalinda. Kifungu cha 72 cha sheria ya mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kuchafua maji. Lakini hakuna askari atakayesimama kando ya kila karai jioni. Hapo anabaki mwenye karai na jirani yake anayekunywa maji ya ziwa.