Taa ya Banda la Gari

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alikuwa akitengeneza gari lake usiku, ndani ya banda lililoshikana na nyumba yake. Alikuwa ameining'iniza chini ya boneti globu ya wati 100, ile ya kizamani yenye waya mwembamba ndani. Alipochomoa mpira wa petroli, matone yakaruka na kuiangukia globu. Kioo kilipasuka kwa kishindo, taa ikazimika, na sisi tuliosimama pale tukabaki gizani tukinusa petroli. Moto haukuwaka. Lakini mimi usiku ule sikupata usingizi, maana nyuma ya ukuta wa banda lile ndiko walikolala watoto wake wanne.

Kilichotokea si muujiza. Kioo cha globu ya aina hiyo hupata joto la kuunguza mkono. Kikimwagikiwa ghafla na kitu cha baridi, hupasuka. Na ule waya wa ndani huwaka kwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Sentigredi. Ukikutana na mvuke wa petroli kabla haujapoa, hapo tena ni kuomba Mungu. Mvuke huo, tukumbuke, ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kutokea dirishani, bali hutambaa sakafuni.

Sasa tujiulize: taa ya banda huchaguliwa na nani? Ya sebuleni tunaichagua, ya chumbani tunaichagua. Ya bandani ni ile iliyobaki kabatini. Na banda lenyewe, kwa hali zetu, si la gari peke yake. Ndimo lilimo jenereta, ndimo kilipo cherehani cha mama, na ndimo fundi anapoitwa saa mbili usiku.

Kosa letu la kwanza ni kuuliza dukani, "Ya wati ngapi?" Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na taa ya maana huandikwa lumeni zake kwenye boksi. Globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Taa ya LED ya wati 9 hutoa kiasi hicho hicho. Tofauti inakwenda wapi? Katika ile ya zamani, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme hugeuka joto. Yaani umenunua jiko ukidhani umenunua taa.

Wapo watakaosema LED ni ghali. Haya, tupige hesabu. Taa ikiwaka saa nne kila siku kwa mwaka mzima, ile ya wati 60 itakula uniti zipatazo 88. Ile ya wati 9 itakula uniti 13. Anayenunua umeme kwa fedha yake mwenyewe hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu kiasi cha mwanga, kama banda ni la gari moja na kazi yake ni kuegesha tu, lumeni 1,500 zinatosha. Kama mna kazi ya spana humo, tafuta 4,000 hadi 5,000, lakini usizirundike katika taa moja ya katikati. Ukiinama kwenye injini, kivuli chako mwenyewe kitakuziba. Gawa taa mbili au tatu, pande zote za gari. Chagua pia mwanga mweupe, wa Kelvini 4,000 au 5,000. Chini ya mwanga wa njano, waya wa kahawia na waya mwekundu hufanana, na fundi akikosea hapo mwenye gari ndiye anayelipa.

Na zile tyubu ndefu za zamani, zenye choki na stata? Hizo humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini feni inayozunguka yaweza kuonekana kama imesimama, na mtu akapeleka mkono. Tena zina zebaki ndani, na ndiyo maana mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuzikomesha ifikapo 2027. Ikivunjika, fungua milango, usifagie vumbi lake kwa mkono mtupu.

Kwa taa ya kushika mkononi, chukua ya LED ya kuchaji, yenye kifuniko cha plastiki badala ya kioo. Haina waya wa kukanyagwa wala joto la kupasua kitu.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Hakuna taa inayoifanya petroli kuwa maji. Swichi yoyote yaweza kutoa cheche. Ukisikia harufu ya petroli bandani, usiwashe wala usizime kitu. Fungua mlango, toa watu, subiri hewa ipite.

Jirani yangu bado anatengeneza gari lake mwenyewe. Siku hizi anafanya kazi mlango ukiwa wazi, na ile globu ya kuning'iniza aliitupa asubuhi ya siku ya pili. Msikilizaji, leo ukifika nyumbani, inua macho utazame iliyoko bandani kwako.