Duka si bidhaa peke yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba na wafadhili



Nimeombwa niseme juu ya maduka ya wale waliorudi Kanyabayonga. Juu ya bidhaa sitakawia. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta vinatoka Butembo kwa barabara ya taifa namba 2, vinapita Kirumba na Kayna, na pesa ikipatikana rafu zinajaa kwa siku chache. Kinachokawia kurudi ni watu.

Pale mlimani duka ni mahali pa kukaa. Mbele ya mlango kuna ubao, na mtu anakuja kununua sabuni ya franga 500, anaikala saa nzima, anauliza nani amefika, nani bado iko Butembo. Ukienda kwenye kilio, jirani anakulindia mlango, anauza kwa bei yako na jioni anakupa pesa yako. Na huyo jirani anauza vitu vilevile unavyouza wewe! Huko kwenye kilio pia mwenye duka anatazamiwa kufika na sukari au majani ya chai. Asipofika, wanaona. Hayo ni matumizi ya duka kabisa, lakini kwenye karatasi zetu za hesabu hayana mstari.

Halafu kuna kaye ya madeni. Formasio nyingi zinawaambia wenye maduka waandike mlangoni kwamba hakuna deni. Kwa karatasi ni sawa. Lakini katika mji mdogo, kumnyima deni mtu aliyekulindia mlango ni kumwambia asirudi. Wenyewe wako na sheria zao: asubuhi, kabla ya kuuza kitu kwa pesa mkononi, hakuna wa kukopeshwa, hata awe shemeji.

Muisho wa Juni 2024, vita vilipofika, kila mtu alikimbia upande wake: Lubero, Butembo, wengine hadi Beni. Kuna waliobeba kaye wakaacha godoro. Leo mwenye kaye amerudi, na mwenye deni naye amerudi, amekuta nyumba yake imeng'olewa hata mabati. Huyu anaogopa kudai, yule anaona haya kusalimia. Anazunguka njia ya nyuma, ananunua chumvi mbali. Deni la franga 3.000 linafukuza mteja wa miaka 10. Mama mmoja iko na njia yake: haulizi deni kabisa, anauliza tu kama watoto wote walifika. Mtu akishaikala kwenye ubao, deni analitaja yeye mwenyewe.

Wafadhili wetu, hapa ndipo nina ombi. Mkopo wa chama unalipwa kila mwezi, kiasi kilekile. Lakini pesa ya pale inafuata shamba. Septemba watu wanapanda, na masomo yanaanza. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, ila sekondari inalipwa. Mwezi huo kaye inajaa. Maharagwe yakivunwa, kwenye Januari na tena kwenye Juni au Julai, majina yanafutwa moja moja. Tukidai Oktoba sawasawa na Januari, mwenye duka atauza chini ya bei aliyonunulia ili atulipe, ao atambana jirani yake. Hilo la pili nimeliona, na kwangu ni baya zaidi, maana jirani hakurudi tena.

Naomba basi malipo yawe madogo toka Septemba hadi Desemba, na makubwa baada ya mavuno. Jumla inabaki ileile. Najua kuna atakayetumia nafasi hiyo kukwepa. Huyo hata kwa malipo ya kila mwezi anakwepa, na kamati inamjua.

Madeni ya kabla ya Juni 2024 ni jambo lingine. Kamati imekubali kukaa na pande mbili, mdai na mdaiwa, bila kusoma jina la mtu mbele ya mkutano. Anayeweza kulipa kwa maharagwe atalipa kwa maharagwe, na wa kulipa kwa siku za kazi tutamsikiliza. Wenye maduka, mje na kaye zenu, hata zile zilizolowa mvua njiani.