SHOKA NA MPINI WAKE: KUWASAIDIA WENZETU HATA KATIKA MCHEZO

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Longisa, baada ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango.

Najua wengine mtashangaa. Katika Mwezi huu Mtukufu, mtu anasimama kuzungumzia mchezo wa kompyuta? Ndiyo, ndugu yangu. Ramadhani ikiangukia likizo, vijana wetu wengi wanaisukuma saumu kwa mchezo kuanzia adhuhuri mpaka inakaribia magharibi. Mahali kijana anapopitisha saa nne kwa siku, hapo amali zinaandikwa. Kwa hivyo tuingie humo tuone anafanya nini na wenzake.

Wazee wetu, niwaeleze kidogo. Mchezo unaopendwa sana unaitwa Minecraft. Ulitoka kamili mwaka 2011, ukitengenezwa na kampuni ya Mojang ya Sweden, na kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Ndani yake dunia nzima imejengwa kwa vipande vya mraba kama matofali. Unaingia mikono mitupu. Huna shoka, huna chakula, huna pa kulala. Unaanza kwa kukata mti kwa mkono. Ukipata mbao unatengeneza meza ya kufanyia kazi, kisha shoka, kisha sururu ya kuvunjia mawe. Chini ya kioo kuna alama kumi za uhai na alama kumi za njaa. Njaa ikikushinda, uhai nao unaanza kupungua. Siku nzima, mchana na usiku, ni dakika 20 tu za saa yetu. Giza likiingia wanatoka mazombi, na yuko kiumbe wa kijani anayekujia kimya kimya kisha analipuka na nyumba yako.

Unaweza kucheza peke yako, na unaweza kucheza na wenzako kupitia intaneti: wa Bomet na wa Kericho, wa Mombasa na wa Muscat, wote katika dunia moja. Hapo ndipo maneno yangu ya leo yanapoanzia.

KWANZA: YULE NI MTU

Kijana mwenzangu, yule unayemwona kwenye kioo, kisanamu chenye kichwa cha mraba, nyuma yake kuna binadamu. Ana moyo. Pengine ni mtoto wa miaka tisa aliyeazima simu ya mamake. Ukimvunjia nyumba aliyoijenga kwa siku tatu, mbao ni za uongo lakini machozi ni ya kweli. Ukimpa mkate alipokuwa anakufa njaa, mkate ni wa uongo lakini furaha aliyoipata ni ya kweli. Na wewe malaika wako wawili hawakuzimi pamoja na kompyuta.

Mfano ninao. Nchini Kanada yuko mtu anayeitwa Stuart Duncan, ambaye yeye mwenyewe na mwanawe wana hali ya usonji. Aliwasikia wazazi wengi wakilalamika kwamba watoto wao wenye usonji wakiingia kwenye Minecraft wanaonewa, wanatukanwa na kuvunjiwa vitu vyao. Mwaka 2013 akafungua dunia yao peke yao, akaiita Autcraft, mahali ambapo uonevu haukubaliwi na wakubwa wako tayari kumsaidia mtoto aliyekwama. Watoto waliokuwa hawana rafiki hata mmoja wakapata wenzao. Huyo alitazama mchezo uleule tunaoutazama sisi, akaona watu ndani yake.

PILI: MPE SHOKA

Sasa, kusaidia kuna namna yake. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.) habari ya mtu wa Ansari aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hana kitu chochote. Alikuwa na nguo nzito, nusu anailalia na nusu anajifunika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akamwambia anunulie chakula cha watu wake. Ya pili anunulie shoka. Lile shoka lilipoletwa, Mtume (S.A.W.) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma yule mtu akakate kuni auze, wasionane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu kumi.

Hebu itafakari habari hii vizuri. Kuna chakula cha leo, kwa sababu mwenye njaa hasikii mafundisho. Kuna chombo cha kesho. Kuna mkono wa Mtume unaotia mpini, yaani hakumtupia tu chuma akasema nenda. Halafu akamwacha afanye kazi yake.

Nawe mgeni akiingia kwenye dunia yenu usiku wa kwanza, hajui chochote, anakimbizwa na mazombi, mfanyie vivyo hivyo. Mfungulie mlango. Mpe mkate, maana wewe leo umefunga na unaijua njaa. Kisha mpe shoka moja la jiwe. Kukikucha mpeleke shambani, umwonyeshe jinsi ya kulima udongo ulio karibu na maji, kupanda mbegu za ngano na kungoja ziive. Mwambie ngano tatu zinatoa mkate mmoja. Mwonyeshe kwamba manyoya ya kondoo matatu na mbao tatu ni kitanda. Mwambie asichimbe moja kwa moja chini ya miguu yake, ataanguka kwenye moto. Halafu mwache ajenge nyumba yake, hata ikiwa mbaya.

Kuna kijana mwingine yeye akimwona mgeni anammwagia almasi, ngao, upanga, kila kitu. Anataka kuitwa mkubwa. Yule mgeni kesho akifa anapoteza vyote, na hajui hata kutengeneza jembe. Ulimsaidia yeye, au ulijionyesha? Sura ya 107, Al-Maun, inawakemea wanaoswali kwa kughafilika, wanaojionyesha, na wanaozuia msaada mdogo. Na wanazuoni wa tafsiri wametaja maana ya huo msaada mdogo: vyombo ambavyo jirani huazimana, kama ndoo, sufuria na shoka. Tena shoka! Katika sura fupi namna hiyo, kujionyesha na kunyima vimewekwa pamoja.

TATU: AMANA YA ALIYEANGUKA

Katika mchezo huu mtu akifa, kwa kawaida vitu vyake vyote humwagika pale alipofia. Yeye anaanza upya mbali, mikono mitupu, na vitu vile vikikaa takriban dakika tano bila kuokotwa vinatoweka. Hapo, ndugu yangu, ndipo tunajua nani ni nani.

Umepita, umekuta upanga na chuma cha mwenzako vimelala njiani. Hakuna aliyekuona. Wako wanaookota na kunyamaza. Wewe okota haraka visipotee, mwandikie umwambie, Njoo, vitu vyako ninavyo. Dini yetu inatufundisha kwamba kitu kilichookotwa hutangazwa, hakifichwi. Kijana anayeshindwa kurudisha upanga wa mchezo ambao haununui hata andazi, siku akiwekwa mweka hazina wa chama cha wakulima atatufanyia nini? Na anayerudisha akiwa peke yake chumbani saa nane za mchana, na kiu imemkaba, huyo saumu inamfundisha kitu.

NNE: MZUIE ANAYEDHULUMU

Mtume (S.A.W.) alitufundisha tumsaidie ndugu yetu akiwa anadhulumiwa na akiwa anadhulumu. Masahaba wakauliza, huyu anayedhulumu tutamsaidiaje? Akawaeleza kwamba kumzuia asidhulumu ndiko kumsaidia. Imo katika Bukhari.

Kwa hivyo rafiki yako akikwambia, Twende tukachome nyumba ya yule mtoto tucheke, usimwambie tu kwamba wewe huendi. Mzuie. Mwite pembeni kwanza, usimwaibishe mbele za watu. Akikataa, mwambie anayesimamia. Hapa kwetu, wenyeji wetu Wakipsigis wana kokwet, mtaa unakaa pamoja kusuluhisha ugomvi kabla haujawa mkubwa. Nyinyi pia mkicheza kumi, wekeni kokwet yenu: masharti yenu ni yapi, mali ya mtu ni ipi, na aliyevunja atajenga upya kwa mkono wake.

Na tusisaidiane katika dhambi. Aya ya pili ya Sura Al-Maida inatuamuru kusaidiana katika wema na uchamungu, na inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kumpa mwenzako neno la siri uliloiba ili aingie kwa jina la mtu mwingine, hiyo si fadhila. Kucheza kamari ya kushindania pesa kupitia mchezo, hiyo ni kamari kama nyingine.

TANO: MIPAKA

Wazazi wengi wananiuliza kama mchezo wenyewe ni halali. Mimi si mufti. Waulizeni masheikh wetu, na muwaeleze mchezo ulivyo, msiwaeleze nusu. Lakini mambo matatu hayahitaji fatwa ndefu.

Swala ina wakati wake. Adhana ikilia, wewe hata kama umezungukwa na mazombi ishirini, ondoka. Utakufa mchezoni, utaanza tena. Alasiri iliyopita hairudi vilevile.

Pili, kuna jambo zuri ndani ya mchezo huu. Mkiwa wengi, kwa mpangilio wa kawaida, usiku hauruki mpaka wote mlale kitandani. Mmoja akikataa kulala, wote mnakaa gizani na mazombi. Nyumba zetu ni hivyo hivyo. Kijana akikesha na mchezo mpaka daku, kesho analala mpaka alasiri, mama anabeba maji peke yake, mdogo wake anachunga ng'ombe peke yake. Ukiwasaidia wageni wa intaneti na mama yako umemwacha, umekosea hesabu. Wa karibu ana haki ya kwanza.

Tatu, na hili nawaambia watoto mbele ya wazazi wao: si kila anayekusaidia ni rafiki. Mtu usiyemjua akikupa almasi, halafu akakuuliza unaishi wapi, unasoma shule gani, akakuomba picha, au neno lako la siri, au akakwambia usimwambie mama, hapo funga. Mwambie mama papo hapo. Na wewe mzazi, mtoto akija na habari hiyo, usimpige wala usimnyang'anye simu kwa hasira. Ukimpiga, mara ya pili hatakuja, na hapo ndipo yule mtu anapompata. Mshukuru kwanza, kisha mshughulikie pamoja.

MCHEZO ULIPOTOKA NJE

Mwisho, vijana, niwape habari ya nyumbani. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliungana na Mojang katika mpango unaoitwa Block by Block. Moja ya sehemu za kwanza zilizoshughulikiwa ni Kibera, uwanja wa Silanga. Namna ya mpango huo ni kwamba watu wa mtaa wanakaa vikundi vidogo vidogo kwenye kompyuta, wanajenga ndani ya Minecraft uwanja wanaoutaka: taa hapa, mtaro hapa, kina mama wakae hapa. Halafu wanawaonyesha wakubwa na wataalamu. Mtu ambaye hajui kusoma ramani ya wahandisi anaweza kuelewa matofali yale. Na anayejua kompyuta anamshika mkono asiyejua. Tangu hapo mpango umefika nchi nyingi duniani.

Basi sisi wa Longisa, Waislamu wachache katikati ya majirani wengi wema, ule ujuzi wa vidole tuutoe nje. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka, imekuja SHA. Hapa tuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na wagonjwa wanatoka mbali. Yuko mama aliyechuma majani chai maisha yake yote, vidole vinajua majani mawili na chipukizi, lakini *147# inamshinda. Yuko mzee anayelipa pesa ili mtu amjazie karatasi ya eCitizen ya dakika kumi. Mwislamu au si Mwislamu, jirani ni jirani. Kaa naye. Mjazie ya leo, huo ndio mkate. Kisha mwonyeshe ya kesho, polepole, aibonyeze mwenyewe, hilo ndilo shoka. Na neno lake la siri usilitazame, hiyo ndiyo amana.

Usiku wa leo kabla hujalala, mfikirie mtu mmoja tu uliyemwona amekwama, mchezoni au mtaani. Kesho kabla ya magharibi uwe umemtilia mpini.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, awalinde watoto wetu na kila mwenye nia mbaya, awape wagonjwa wetu shifaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofaa watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.