Ukili Usikatikie Mikononi Mwetu
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10)

 

Wanachama wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, habari za hisa na mikopo Katibu ameshazisoma. Mimi nitasema juu ya mkeka.

Mwaka 1995 Ruangwa ilipopewa wilaya yake, mipaka iligawanyika, lakini kusuka hakukugawanyika. Huku na kule mgeni hutandikiwa mkeka, na msibani tunakaa juu ya mkeka. Siku hizi mkeka wa plastiki unapatikana dukani, na akina bibi waliotusukia wanapungua.

Watu husema watoto wa leo ni wavivu. Jamani, si kweli. Wengi wanajua kusuka. Bibi akianza ukili, mjukuu anaendeleza vizuri tu. Shida ni mwanzo na mwisho. Mpe binti ukindu mtupu umwambie anza, anakutazama. Mpe ukili uliokamilika umwambie shona uwe mkeka, anakutazama tena. Sasa bibi akishaondoka, nani atamwanzishia?

Kwa hiyo katika mafunzo yetu ya Jumamosi kijana anafanya kazi yote mwenyewe. Anakata kuti changa la mkindu kabla halijachanua, na anaacha mengine ili mti usife. Anaanika, anachana, anachemsha rangi. Anaanza ukili, anaongeza ukindu mpya ule wa kwanza unapoisha, kisha anashona. Tunaanza na kitu kidogo, kikapu au msala, ili akimalize mapema na aone faida ya mikono yake. Wavulana nao waje, ukindu haubagui.

Soko lipo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kikapu kimerudi sokoni.

Hapa nitasema neno gumu kidogo, mnivumilie. Kijana akiuza kikapu chake, fedha ni yake. Wapo wazazi wanaoichukua yote kwa ajili ya chumvi na sabuni. Najua nyumbani kuna shida, lakini mtoto akinyang'anywa mara mbili, mara ya tatu haji. Tumwache anunue daftari zake, na kidogo aweke akiba. Hapo atakuwa amejifunza ufundi wetu na kikundi chetu kwa pamoja.

Ombi langu kwenu wanachama: kikao kijacho tukubaliane kutenga sehemu ya mfuko wa jamii tununue ukindu, rangi na sindano za vijana. Na kila mwenye mama au bibi anayejua kushona mkeka, amlete Jumamosi angali ana nguvu.

Samaki mkunje angali mbichi.