Masafa Yasiyo na Leseni Yana Masharti Yake



Tunaulizwa mara nyingi kwa nini mwenye kituo cha redio hulipia masafa, ilhali mwenye ruta ya Waifai sebuleni haombi leseni. Ruta, spika za Bluetooth na vifaa vinavyofanana navyo hutumia masafa ya pamoja. Kila mtu anaruhusiwa kuyatumia kwa masharti mawili: asimwingilie mwenye leseni, na yeye akiingiliwa asidai kulindwa. Sharti hilo la pili wengi hawalijui wanapolipia intaneti ya nyumbani.

Masafa ya gigahezi 2.4 ndiyo yenye msongamano mkubwa. Mkutano wa kimataifa wa Atlantic City wa mwaka 1947 uliyatenga kwa mashine za viwanda, sayansi na tiba; Marekani ikayafungua kwa mawasiliano yasiyo na leseni mwaka 1985. Oveni ya maikrowevu nayo imo humo humo. Basi chakula kikipashwa moto jikoni na video ikakwama sebuleni, hakuna aliyevunja sheria. Sogezeni ruta mbali na oveni, au tumieni gigahezi 5. Katika majengo ya familia nyingi, tunashauri majirani wagawane chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Kufunga kifaa cha kuongeza nguvu hakusaidii: jirani naye atafunga chake.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni vifaa vinavyotoka Marekani, aghalabu zawadi za ndugu. Kimataifa, mgawanyo wa masafa una kanda tatu. Afrika na Ulaya zimo kanda ya kwanza, Amerika ya pili. Kule, megahezi 902 hadi 928 ni za pamoja. Kwetu Tanzania, masafa hayo hadi 915 hutumiwa na simu za mkononi kupeleka mawimbi mnarani. Simu za mezani zisizo na waya zenye maandishi “DECT 6.0” hutumia megahezi 1920 hadi 1930, ambako kwetu simu za 3G huzungumza na mnara.

Aliyetuma zawadi hakukosea kwao. Lakini mnara husikiliza mawimbi dhaifu kutoka mbali, na kifaa kama hicho kikiwa karibu huuziba masikio. Anayempigia dereva usiku ili mgonjwa afikishwe hospitali huona mtandao upo kwenye simu yake, lakini simu haiungi. Hana njia ya kujua kwamba kikwazo kiko juu ya meza ya mtu wa mtaa wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kupokea kifaa, geuzeni mgongo wake msome masafa yaliyoandikwa. Alama ya FCC huonyesha kwamba kimekubaliwa Marekani. Si kibali cha hapa. Mtakeni muuzaji awaonyeshe uthibitisho wa kifaa hicho kutumika nchini. Wala msibadilishe nchi katika mipangilio ya ruta ili kupata chaneli zaidi: baadhi ya chaneli za gigahezi 5 ziko kwenye masafa ya rada za hali ya hewa, na ruta iliyopangwa ipasavyo huzipisha.

Mafundi wetu wakifuatilia mwingiliano hadi mlangoni kwenu, wataomba kwanza kifaa kizimwe. Tunawasihi mkizime papo hapo. Maelezo ya kilikotoka yatafuata baadaye.