Mlango wa Kusafishia Bomba



Mhadhara wa uprofesa unamdai mtu aeleze kazi yake kwa lugha ambayo mzazi wa mwanafunzi ataifuata. Kazi yangu ni uchafu: ule unaokaa ndani ya mabomba, mirija na mipira ya viwandani, mahali ambapo jicho halifiki na mkono hauingii. Nina dai moja jioni hii. Bomba husafishika au halisafishiki kulingana na mchoro wake. Likishafukiwa ardhini bila mlango wa kusafishia, wahandisi watakaolirithi wamefungwa mikono, hata wawe hodari namna gani.

Nitaanzia mbali, Alaska, kwa sababu huko ushahidi ulifika mahakamani na ukaandikwa.

Tarehe 2 Machi 2006 mfanyakazi aliyekuwa akipita kwa gari katika eneo la mafuta la Prudhoe Bay, kaskazini kabisa mwa jimbo hilo, alisikia harufu ya mafuta ghafi. Bomba la inchi 34 lililokuwa likiendeshwa na kampuni ya BP lilikuwa limetoboka upande wa chini. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, halifiki hata sentimita 2, lakini takriban lita 800,000 zilikuwa zimekwisha kutiririka chini ya theluji kwa siku kadhaa bila mtu kujua. Hakuna aliyeligonga bomba lile, wala tetemeko halikulitikisa. Lililiwa kutokea ndani.

Tazameni jinsi lilivyoliwa. Bomba lilijengwa wakati visima vikitoa mafuta kwa wingi. Miaka ikapita, visima vikachoka, na mafuta yaliyokuwa yakikimbia ndani yake yakaanza kutambaa. Mafuta ghafi hayatoki kisimani peke yake. Huja na maji kidogo na mchanga kidogo. Mwendo ukiwa wa kasi, vitu hivyo huchukuliwa pamoja na mafuta. Mwendo ukipungua, hushuka na kulala sakafuni mwa bomba. Chini ya tope hilo bakteria wasiohitaji hewa hupata makao, na uchachu wanaoutoa hula chuma. Dawa ya kuzuia kutu ilikuwa ikitiwa katika mfumo, lakini dawa husafiri na mafuta. Tope liliukinga ukuta wa bomba dhidi ya dawa yenyewe.

Dawa ya tope ilijulikana: kulikwangua. Bomba lile halikuwa limekwanguliwa tangu 1998. Mwezi Agosti mwaka uleule wa 2006 bomba jingine la eneo hilohilo likavuja, na BP ikalazimika kufunga sehemu kubwa ya uzalishaji. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kosa la jinai chini ya Sheria ya Maji Safi ya Marekani na kulipa jumla ya dola milioni 20. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: mafuta yaliyopita katika bomba lile yaliingia katika bomba kuu la Alaska, linaloyapeleka bandari ya Valdez umbali wa karibu kilomita 1,300, na hilo lilikuwa likikwanguliwa mara kwa mara. Mafuta ni yaleyale na baridi ni ileile.

Kifaa cha kukwangulia ni kizibo chenye upana wa bomba, kinachoingizwa upande mmoja na kusukumwa na mafuta yenyewe mpaka upande wa pili. Vituoni kinaitwa pigi, nami nitakiita hivyo. Kuna pigi la sponji, laini, linaloweza kubonyea likikutana na kizuizi. Kuna lenye visahani vigumu vya plastiki, lenye brashi za waya, lenye sumaku za kukusanya vipande vya chuma. Baadhi yana matundu katikati, ili mafuta kidogo yapite kwa kasi na kuutawanya uchafu ulioko mbele. Bila matundu hayo uchafu hujikusanya ukawa rundo, rundo likawa kizibo, na kizibo kikanasa pigi. Kwa hiyo bomba lililokaa muda mrefu haliingiziwi brashi siku ya kwanza. Mtu huanza na sponji, akaona kinachotoka, kisha akaongeza ukali hatua kwa hatua. Aliyechelewa kusafisha hawezi kuufuta uchelewaji wake kwa kwenda haraka.

Mwanzoni mwa bomba panakuwa na chumba cha kurushia pigi, na mwishoni chumba cha kulipokelea, kila kimoja na mlango wake mzito. Mlango huo umewahi kuua watu. Opereta anafunga vali zinazokitenga chumba, anakimwaga mafuta, anaitoa presha, anasoma geji, na hata geji ikionyesha sifuri anafungua tundu dogo la kuhakiki kabla ya kugusa mlango mkubwa, maana geji iliyozibwa na nta nayo husoma sifuri. Tena hasimami mbele ya mlango, anasimama pembeni. Ukifunguka, kwanza inakuja harufu, kisha tope jeusi linaloshuka polepole kwenye beseni la chuma, halafu pigi lenyewe, visahani vimelika upande mmoja. Katika bomba jipya hutoka vituko: vipande vya vijiti vya kuchomelea, glovu, kipande cha ubao, mifupa ya mnyama aliyeingia kujihifadhi kabla ya mabomba kuunganishwa. Katika bomba kuukuu lenye gesi ya salfa huweza kutoka unga mweusi wa salfidi ya chuma, ambao ukikauka na kukutana na hewa huwaka wenyewe bila kiberiti. Ndiyo maana uchafu huo hunyunyiziwa maji palepale na haurundikwi jalalani.

Sasa tuje kwetu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kati ya Tanzania na Zambia, lilianza kazi mwaka 1968, miaka 3 baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru na njia ya mafuta ya Zambia kupitia kusini kuingia mashakani. Ni kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola. Kwa miongo kadhaa lilibeba mafuta ghafi kwenda kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni, na mwaka 2023 likaanza kubeba dizeli iliyokwisha kusafishwa. Vyombo vya habari vilizungumzia bei ya mafuta Zambia, na ni haki yao. Mhandisi aliposikia habari hiyo alijiuliza swali la mpishi mbele ya sufuria iliyotumika: imeoshwaje?

Fanyeni hesabu pamoja nami. Chukua mafuta ghafi yenye salfa asilimia 1, yaani sehemu 10,000 kwa milioni. Lita 1 ya mafuta hayo ikichanganyika na lita 1,000 za dizeli, inaongeza karibu sehemu 10 za salfa kwa milioni. Dizeli ya salfa ndogo inaruhusiwa sehemu 50. Basi lita 5 tu za masalia katika kila lita 1,000 zinatosha kumaliza ruhusa yote, hata kama dizeli ilishuka melini haina salfa kabisa. Na masalia katika bomba refu hayakosekani: yamo kwenye kuta, kwenye vali, kwenye mabonde ambako bomba linashuka na kupanda, kwenye matawi yaliyofungwa zamani na kusahauliwa. Kubadili kazi ya bomba kunahitaji pigi juu ya pigi na shehena za kuoshea, na shehena ya kwanza kupita ndiyo sabuni yenyewe. Mwenye mali aikubali hasara hiyo mapema badala ya kuificha kwenye vituo vya kuuzia.

Bomba la Afrika Mashariki linaloanzia Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linatuletea adui mwingine. Urefu wake ni kilomita 1,443, upana inchi 24. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakiachwa yapoe huganda kama mchuzi wa kongoro uliolala. Ndiyo maana bomba limevikwa foronya nene ya povu la kuhifadhi joto na kuwekewa mfumo wa kulipasha kwa umeme, mafuta yakae kwenye nyuzi takriban 50. Wengi wanadhani joto linamaliza tatizo. Joto linazuia mafuta yasigande yote kwa pamoja, lakini ukuta wa bomba ni baridi kuliko katikati yake, na nta huanza kujishika ukutani kabla mafuta ya katikati hayajaonyesha dalili yoyote. Tabaka hilo mwanzoni ni laini. Likiachwa, mafuta mepesi hujichuja yakatoka na nta ikabaki ngumu. Kwa hiyo ratiba ya pigi katika bomba la namna hii hupangwa kwa umri wa nta, na ratiba ikiahirishwa ili kulinda takwimu za usafirishaji za mwezi, nta haiahirishi kukomaa.

Kuna anayesema, tabaka jembamba lina madhara gani? Katika mafuta yanayokwenda kwa kasi, presha inayopotea njiani hubadilika takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Punguza kipenyo kwa asilimia 10 tu, na ukitaka kiasi kilekile kipite itakubidi usukume kwa presha ya karibu asilimia 70 zaidi. Bili ya umeme wa pampu inapanda, na mhasibu anaitafuta sababu kwenye bei ya uniti. Kwenye mirija ya boila na ya kuchemshia maji ya miwa, hasara ni ya joto: milimita 1 ya ukoko wa chokaa hulizuia joto sawa na makumi ya milimita za chuma. Viwanda vya sukari vinalijua hili vizuri. Vinauchemsha ukoko kwa soda kali, kisha vinaingiza brashi mrija mmoja mmoja. Viwanda vya maziwa vimekwenda mbele zaidi, maana huko bomba chafu linaharibu maziwa siku hiyohiyo: maji ya kusuuza, soda ya moto kuondoa mafuta na protini, maji tena, asidi kuondoa mawe ya kalsiamu, maji ya mwisho, yote bila kufungua nati hata moja, na kwa mwendo wa karibu mita 1 na nusu kwa sekunde ili maji yakwangue ukuta yasipite kivivu. Natamani wahandisi wa mafuta wangepelekwa kujifunza kwa watu wa maziwa.

Usafishaji nao huua, na sitaki mwanafunzi yeyote atoke humu akidhani ni kazi ya kibarua wa mwisho kuajiriwa. Tarehe 7 Februari 2010, katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut, Marekani, mtambo mpya wa umeme wa Kleen Energy ulikuwa karibu kukamilika. Mabomba mapya ya gesi yalikuwa na kutu na vipande vya kazi ya kuchomelea, na mafundi wakayasafisha kwa njia iliyozoeleka: kuifungulia gesi asilia yenyewe kwa presha kubwa ipulize uchafu nje. Gesi ikajaa kati ya majengo, ikakuta moto. Watu 6 walikufa na wasiopungua 50 wakaumia. Kazi ileile ingefanywa na hewa iliyoshindiliwa, na hewa haiwaki. Baada ya hapo kikaandikwa kiwango cha usalama, NFPA 56, kuhusu kusafisha na kutoa gesi katika mabomba. Kabla ya hapo watu wazima, wenye vyeti, walikuwa wakimwaga kilipukaji hewani kwa sababu kilikuwa karibu na ilikuwa rahisi kukitumia.

Nisiwasahau mafundi wa haidroliki, ambao wahandisi hatuwaaliki kwenye mihadhara. Mpira wa haidroliki wa kijiko cha kuchimbia udongo ukipasuka, fundi anakata mwingine kwa msumeno wa mashine, anabana vichwa, anafunga, kijiko kinarudi kazini kabla ya saa sita mchana. Kila mkato umeacha ndani unga wa mpira na visu vidogo vya waya wa chuma. Vali za mashine hiyo zina nafasi ya maikromita chache kati ya chuma na chuma, wakati unywele wa mtu una kama 70. Kiwango cha ISO 4406 huhesabu chembe zinazozidi maikromita 4, 6 na 14 katika mililita 1 ya oili. Hicho ndicho kipimo cha usafi tunachokizungumzia. Kupuliza kwa kompresa hakutoshi, kwani unga umeshikwa na mafuta ukutani. Tiba yake ni ya bei nafuu mno: kidonge cha sponji kilicho kipana kidogo kuliko tundu la mpira, kinarushwa kwa bunduki ya hewa kutoka upande mmoja, kisha kingine kutoka upande wa pili, mpaka kitoke kikiwa cheupe. Halafu vichwa vinabanwa na kufunikwa vifuniko mpaka dakika ya kufungwa kwenye mashine. Pampu inayokufa miezi michache baada ya mpira mpya, na mwenye mashine akaambiwa pampu ilikuwa feki, mara nyingi imeuawa na unga huo.

Ombi langu linakwenda kwa wanaosaini mikataba, serikalini na kwenye kampuni. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, agizeni mchoro na mtafute chumba cha kurushia pigi na chumba cha kulipokelea. Angalieni kama kona zote zina mpindo mpana ambao pigi litaweza kuupita, na kama vali zikifunguliwa hufunguka kwa upana wote wa bomba. Ulizeni uchafu utakaotoka utapelekwa wapi na nani atalipa, kwa miaka yote ambayo bomba litafanya kazi. Mkandarasi akijibu kwamba mambo hayo yataangaliwa baada ya uzinduzi, msisaini.