Subira ya Duara na Subira ya Dawa



Nimetakiwa niseme juu ya uvumilivu. Nitaanzia kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kahama mkoani Shinyanga na wa Geita, ambao hawahitaji kufundishwa neno hilo. Mchimbaji hushuka kwenye duara miezi kadhaa bila mshahara, akilishwa na mwenye kugharimia kazi, akitumaini kwamba siku mwamba utakapotoa atagawiwa mifuko yake ya mawe. Subira iliyoje! Lakini mtu huyo huyo akipewa dawa za kifua kikuu za miezi 6, pengine huziacha njiani. Kwa nini?

Wako wanaojibu upesi kuwa ni ujinga. Mimi sikubali. Tiba ya kawaida ni dawa nne kwa miezi 2, kisha dawa mbili kwa miezi 4, na katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, nguvu hurejea, na mgonjwa hujiona mzima ilhali vijidudu vingali mapafuni. Mara anasikia kuwa duara lake linakaribia kutoa, na asiyekuwepo hana mgawo. Basi anapiga hesabu, nayo ni hesabu ya fedha. Anarudi shimoni. Ugonjwa ukimrudia, huenda ukawa umekwisha kuzizoea dawa zile, na itambidi apewe nyingine zilizo kali zaidi.

Tena kuna vumbi la mawe. Likivutwa kwa miaka huyatia mapafu makovu yasiyotibika, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kuulowesha mwamba unapotobolewa hupunguza vumbi, lakini maji hugharimu.

Taifa letu si geni katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na wataalamu wetu kuonyesha kwamba hata nchi maskini yaweza kuponya wagonjwa wengi, mradi dawa zisikatike na mgonjwa azimeze mbele ya msimamizi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo ulimwenguni. Angalieni, subira haikuachiwa mgonjwa peke yake.

Fedha nazo zinahitaji msimamizi. Sisi tunaokatwa bima ya afya na akiba ya SACCOS kabla hatujaushika mshahara tumevumilishwa na makato. Tusimhubirie mchimbaji kwamba mvumilivu hula mbivu. Yeye na wenzake waandikiane mapema, mbele ya mwenye leseni, kwamba aliye katika dozi hapotezi mgawo wake, na kwamba kila dhahabu inapouzwa sehemu iwekwe kando kwa chakula cha nyumba ya mgonjwa. Mwalimu wa kijiji aweza kuwaandikia karatasi hiyo kabla duara halijaanza kuchimbwa.